"A ya huko ni C ya hapa": leo nimetukanwa dirishani mbele ya foleni nzima

Mhamaji_wa_Wendani (mwanzisha uzi)
Wadau, niko ndani ya matatu, tumekwama Globe, na nimeshindwa kungoja nifike nyumbani. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Ni yule mama wa dirisha la usajili la chuo kikuu ninachotaka kuhamia. Mnamjua. Simtaji jina kwa sababu hakuna haja. Kila aliyewahi kupeleka karatasi pale akitaka kuhamia BCom yao, ile shahada ya biashara, amepita mikononi mwake na akatoka mfupi kuliko alivyoingia.

Nimeamka saa kumi alfajiri. Saa kumi! Hata jogoo wa jirani alikuwa bado anakoroma. Saa moja na nusu niko langoni, mtu wa 6 kwenye foleni. Dirisha limefunguliwa saa nne kasoro robo. Na sikwenda mikono mitupu. Nilikuwa na bahasha ya transkripti, yaani orodha ya alama zangu, iliyofungwa na kupigwa muhuri na chuo changu, cheti cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) na nakala yake, barua ya chuo kukubali niondoke, na silabasi ya kila yuniti, yaani kila somo, niliyosoma. Yuniti 24, na kila ukurasa una muhuri wa idara. Huo muhuri nimeutafuta wiki 3, maana mwenye kuupiga huonekana mara chache kuliko mvua ya Turkana.

Nikamwambia, "Habari ya asubuhi, madamu." Kimya. Akachana bahasha, akatoa transkripti akiishika kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya kwenye pipa la maji. Akasoma. Uhasibu wa Fedha, A. Takwimu za Biashara, A. Hisabati za Biashara, A. Akainua macho juu ya miwani na kusema kwa ile sauti ya chifu barazani:

"Kijana, A ya huko ni C ya hapa."

A YA HUKO NI C YA HAPA.

Foleni yote imesikia. Askari wa langoni amesikia. Nadhani hata Mombasa wamesikia. Nyuma yangu kulikuwa na baba aliyemleta binti yake wa mwaka wa kwanza, akamvuta mtoto kando kana kwamba alama zangu zinaambukiza.

Kwa nini nataka kule mnajua. Kampuni za ukaguzi wa hesabu zikitafuta vijana wa atachi (mafunzo ya kazini) huanzia kwao, sisi tunaletewa makombo. Angeniambia nafasi zimejaa, ningerudi nyumbani. Angeniambia nianze mwaka wa kwanza, ningeanza; nimeshamweleza mama na amekubali kuuza ng'ombe. Lakini hizo A nimezisomea kwa mwanga wa simu stima zikipotea. Takwimu nimerudia mazoezi ya kitabu kizima mara 2. Halafu mtu ambaye hajafungua hata ukurasa mmoja wa silabasi, zile kurasa za mihuri ya wiki 3, anageuza A yangu kuwa C kwa mdomo. Kwa mdomo tu! Hata kalamu hakushika.

Akanisukumia karatasi chini ya kioo. "Anayefuata."

Komredi_Ngara
Huyo! Mwaka jana aliniuliza kama chuo chetu kiko Kenya. Nikamwambia kiko. Akasema, "Una hakika?"

Shangazi_wa_Umoja
Pole sana, mwanangu. Ndiye aliyemwambia mpwa wangu kwamba picha yake ya pasipoti ni ya mtu asiyeweza hesabu. Mtoto alilia mpaka Donholm.

Buda_wa_Ngong
Chai ya huko ni maji ya hapa.

Kiraka
Ugali wa huko ni uji wa hapa.

Mtoto_wa_Eastlando
Mchumba wa huko ni jirani wa hapa.

Mhamaji_wa_Wendani
Chekeni. Mngesimama pale nilipokuwa nimesimama, ile sauti iwapige usoni, msingetafuta la kucheka. A ya huko ni C ya hapa, mbele ya mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye hajui hata debiti ni nini!

Karani_Mstaafu
Kijana, tulia nikueleze. Kanuni za vyuo vikuu za mwaka 2014 ziliweka kikomo: yuniti za msingi unazohamishiwa zisipite asilimia 49 ya programu. Programu ikiwa na yuniti za msingi 40, mwisho wako ni 19. Tena lazima chuo unachotoka kiwe kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na masomo yafanane. Kwa hiyo 24 zako zote zisingeingia hata angekupokea kwa maua. Na kama ni serikali iliyokupanga chuo, njia yako ni KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, wakati wa uhamisho ukitangazwa, na uwe ulifikisha pointi za kozi unayoitaka.

Mhamaji_wa_Wendani
Asante, mzee wangu, hiyo kanuni naijua. 24, 19 au sifuri, nitapokea. Lakini kanuni haikusema A ni C. Kanuni haijawahi kunitukana.

Mkweli_Mchungu
Wacha niulize wanachoogopa wengine. Kaka, umetaja A 3. Yuniti ni 24. Hizo 21 ziko wapi?

Kiraka
Zimebaki dirishani.

Mhamaji_wa_Wendani
A ziko 15. Nyingine ni B isipokuwa moja.

Mkweli_Mchungu
Hiyo moja ni nini?

Mhamaji_wa_Wendani
Haihusiani na uzi huu. Uzi huu ni wa mdomo wa yule mama.

Buda_wa_Ngong
Kumbe kuna C ya huko! Hiyo sasa hapa wanaiitaje?

CPA_Njiani
Achana na kuhama, ndugu. Jisajili KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, ufanye CPA, ile sifa ya mhasibu, hapo hapo ulipo. Mtihani ni mmoja nchi nzima, hakuna A ya huko wala ya hapa. Ukifaulu, kampuni haitakuuliza ulipanga foleni dirisha gani.

Dada_wa_Githeri
CPA kwa karo ya nani? Mkopo wangu wa masomo umeingia juzi na semesta imebakisha wiki 2. Nimekula githeri mpaka mahindi yananijua kwa jina. Na yule kijana wa kaunta, mnamjua, yule wa "rudi Jumatatu," nimerudi Jumatatu 9.

Komredi_Ngara
Wewe angalau umeingiziwa. Mimi alama za yuniti 3 zimepotea. Mhadhiri anasema alizipeleka idarani, idara inasema haikuletewa chochote. Nikienda kwa mhadhiri ananirudisha idarani, nikienda idarani wananirudisha kwa mhadhiri. Mahafali yangu yanapita hivi hivi nikipanda ngazi na kushuka.

Mhamaji_wa_Wendani
Pole, komredi, lakini zako zimepotea tu. Zangu zipo, zimeonekana, zikashushwa hadharani. Kwa mdomo!

Shangazi_wa_Umoja
Mnalilia alama, na jana mvua ya dakika 10 imefanya makanga apandishe nauli kutoka 80 hadi 200. Nikamuuliza, mvua imenyeshea injini au wewe? Akasema, "Mathee, shuka."

Mtoto_wa_Eastlando
Yule wa matatu ya simba kwenye kioo cha nyuma?

Shangazi_wa_Umoja
Huyo huyo.

Mtoto_wa_Eastlando
Ana chenji yangu ya 50 tangu Machi.

Mwenye_Ndoo
Samahani kuingilia. Watu wa Wendani, kuna mwenye maji? Keyateka wetu, mwangalizi wa ploti, amefunga mfereji tangu Jumapili na hashiki simu.

Mhamaji_wa_Wendani
Jamani, turudi kwa yule mama. Nimesema, aliinua macho juu ya miwani akaniambia A ya huko

Dada_wa_Githeri
Keyateka yupi, yule wa kofia ya sufu?

Mwenye_Ndoo
Ndiye. Anasema pampu imeharibika.

Dada_wa_Githeri
Pampu gani! Maji anawauzia waosha magari pale barabarani. Nimeuona mpira kwa macho yangu, wa kijani, umepitishwa nyuma ya choo.

Komredi_Ngara
Na kodi anaitaka tarehe 1 asubuhi, hata kama hujaoga mwezi mzima.

Mwenye_Ndoo
Leo kuna mtu hapa ploti amepikia ugali maji ya chupa. Tunaenda kumwona mwenye nyumba saa kumi na mbili. Anayekuja aje na ndoo yake aione.

Mhamaji_wa_Wendani
Nimefika nyumbani sasa hivi. Kwangu pia mfereji umekauka. Mnakutania wapi?