Kufunga tabo kwenye Premio ya 7A: pistoni za kiwandani zitavumilia?

Premio_Ntinda: Ndugu zangu, nina Toyota Premio AT211, injini 7A-FE yenye maandishi ya Lean Burn, gia za mkono. Nataka kuifungia nyumbani tabo (feni inayozungushwa na moshi wa eksozi na kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) aina ya CT9 ya Starlet, ambazo hupatikana soko la vipuri la Kisekka. Si kwa mashindano, ila ivute vizuri ikipanda Kabale na watu watano. Pistoni nibadilishe? Presha kiasi gani?

FundiNdeeba: Bar 0.4 pistoni zinabeba, mradi injini iwe nzima. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza: injini ya moto, plagi zote nje, pedali ya mafuta chini kabisa. Silinda ikikosa bar 10, au zikipishana zaidi ya bar 1, tengeneza hiyo kwanza.

Kinachoua hizi injini ni petroli kupungua. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya Lean Burn hubana petroli makusudi gari likitembea taratibu, na sensa yake ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa) haikutengenezwa kusoma presha ya tabo. Ukisukuma hewa zaidi, yenyewe haijui. Injini inaanza kugonga (petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda), na pistoni inakatika pale kati ya ringi. Kwa hiyo nunua kontroli boksi ya kupangwa upya pamoja na sensa inayosoma hadi bar 2.5, kabla hata ya tabo yenyewe. Kwa nguvu farasi 150, nozo (vipulizia petroli) ziwe za cc 300 hivi kwa dakika kila moja. Tabo ikisukuma, uwiano wa hewa na petroli uwe 11.5 hadi 12 kwa 1, upimwe kwa sensa ya oksijeni ya waidibendi (inayoonyesha uwiano wenyewe kwa namba). Moshi na rangi ya plagi havitoshi. Taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) irudishe nyuma nyuzi 1 kwa kila psi, yaani kama nyuzi 6. Mwanya wa plagi milimita 0.7.

Spana12: Naongezea oili, maana watu wengi wanaharibu hapo. Bomba la kurudisha oili liwe na tundu la milimita 16 au zaidi, literemke bila kupinda juu, liingie sampu (karai la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likiwa jembamba, oili inajaa ndani ya tabo, inapita sili, gari linatoa moshi wa bluu na mtu anaambiwa tabo imekufa kumbe ni nzima. Sampu ishushe ndipo ichomelewe. Vumbi la chuma likibaki ndani linaishia kwenye beringi. Oili badilisha kila kilomita 5,000.

Premio_Ntinda: Asanteni sana. Intakula (radieta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo) ni lazima?

FundiNdeeba: Kwa safari yako, ndiyo. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, presha ya hewa ni karibu bar 0.88. Tabo ikiongeza 0.4, hewa inatoka ikikaribia nyuzi 80, na mlima mrefu hauipi nafasi ya kupoa. Ndogo ya mbele ya radieta inatosha. Halafu CT9 ilitengenezewa injini ya cc 1,331: kwenye 1,762 itaamka mapema na kubanwa kwenye mizunguko ya juu. Usiiongezee presha kufidia hilo, utapata joto tupu.

Spana12: Na klachi ikague kabla. Iliyochoka itateleza siku ya kwanza.