Nataka kushusha pikapu inchi 3, naombeni ushauri

Ndugu zangu mafundi na madereva, hamjambo. Niko Malindi, nina Hilux ya zamani ya tairi mbili kuvuta. Mwenyewe wa kwanza aliinyanyua, sijui alikuwa anakwenda kuwinda nini! Mimi nabeba masanduku ya samaki na barafu, na kila asubuhi vijana wananyanyua mzigo hadi kifuani. Migongo imekwisha.

Mbele sina wasiwasi sana, kwa kuwa ina tosheni baa, yaani fimbo ya chuma inayojipinda kufanya kazi ya springi. Bolti zake zikilegezwa, gari inashuka. Shida ni nyuma. Fundi mmoja kaniambia tutoe bapa mbili za springi. Nikamuuliza, na siku ya kilo 700 je? Akacheka tu. Wa pili anataka ekseli ihamishwe ikae juu ya springi, lakini naona hiyo itashuka kupita hizo inchi 3, na bodi itagonga ekseli kwenye kila tuta.

Jambo jingine: kuna kifimbo kinachotoka kwenye ekseli hadi valvu ya breki za nyuma, kupima uzito wa mzigo. Nikiishusha, si valvu itadhani nimebeba mzigo hata nikiwa mtupu, izidishe nguvu ya breki za nyuma? Mvua ikinyesha, tairi za nyuma zitajifunga niserereke.

Aliyewahi kufanya kazi hii, alirekebishaje kile kifimbo? Na shoki (vile vinavyozuia gari kurukaruka) za zamani zinafaa, au lazima nitafute fupi? Alaimenti, yaani mnyooko wa tairi, nitapima baadaye, hiyo najua.