Naomba ushauri: baba kutolewa tezi dume bila kuwekewa mrija tumboni

Habari zenu. Niko Kondele, Kisumu. Mwezi ujao tunampeleka mzee India akatolewe tezi dume kwa roboti, ana saratani. Daktari wa huko anasema akishaunga kibofu na njia ya mkojo, anajaza maji kupima. Pasipovuja, haweki mrija wa kutoa majimaji. Mzee atabaki na katheta tu, yaani mpira wa kutoa mkojo, kama wiki moja hivi.

Sasa jirani yetu, yeye alipasuliwa kwa kisu, alirudi na mrija ubavuni na kichupa cha maji mekundu. Mama amekwama hapo: bila mrija hayo maji yatapitia wapi? Mimi nahofia zaidi kwa kuwa tezi za limfu pia zitaondolewa. Waliopitia haya, mliwekewa? Nimuulize daktari nini kabla hatujakata tiketi?