Chanzo cha tetemeko hakijulikani, kasi ya mawimbi haijulikani: nianzie wapi?

Muulizaji:
Nina rekodi za matetemeko madogo zilizokusanywa na seismometa (vipima mitetemo ya ardhi) 14, na ninakusudia kuzitumia kuchora muundo wa ganda la dunia chini ya vituo hivyo. Kinachonitatiza ni kwamba ili nijue tetemeko lilianzia wapi nahitaji kasi ya mawimbi katika miamba, na ili niipate kasi hiyo nahitaji kujua lilianzia wapi. Je, huku si kuzunguka palepale?

Mchangiaji wa kwanza:
Kwa tetemeko moja tu, ungezunguka kweli. Kila tetemeko lina mambo manne yasiyojulikana, yaani nafasi yake katika pande tatu na wakati lilipoanza, lakini likinaswa na vituo vyote linakupa nyakati 14 za kuwasili kwa wimbi la P, yaani lile la kasi zaidi linalofika kwanza. Ziada hiyo ndiyo inayobeba habari za miamba, na kwa kuwa miale (njia za mawimbi) ya matetemeko mengi hukatiza sehemu zilezile za ganda, vyanzo na kasi hutafutwa kwa pamoja, kama wanasismolojia Aki na Lee walivyofanya mwaka 1976 kwa data za Bear Valley, California. Anza na modeli ya matabaka, ambamo kasi hubadilika kwa kina tu. Ukiiruka hatua hiyo, makosa ya vyanzo yatajipenyeza kwenye picha yakijifanya miamba.

Mchangiaji wa pili:
Naafiki, ila usilipuuze wimbi la S, lile la polepole linalofuata, hata kama mwanzo wake hufichwa na mkia wa wimbi la P. Bila hilo kina cha chanzo huyumba, kwani tetemeko la kina kirefu lililotangulia kidogo hufanana mno na la juu lililochelewa. Isitoshe, uwiano wa kasi ya P kwa kasi ya S, ambao katika miamba mingi ya ganda hukaribia 1.73, aghalabu hupanda penye nyufa zilizojaa maji au penye magma.

Muulizaji:
Nashukuru. Matetemeko yangu hayazidi kina cha kilomita 15. Je, nitauona mpaka wa Moho, yaani ule ulio kati ya ganda na tabaka la chini yake?

Mchangiaji wa kwanza:
Hutauona. Miale ya matetemeko ya karibu huelekea juu, na chini ya chanzo chenye kina kikubwa zaidi hapapiti karibu chochote. Mwanasismolojia Mohorovičić aliugundua mpaka huo kutokana na tetemeko la mwaka 1909 kwa sababu alikuwa na rekodi za vituo vya mbali. Hata juu ya kina hicho, jaribu kwanza kwa data bandia: panga kasi kubwa na ndogo kama miraba ya ubao wa drafti, kokotoa nyakati, kisha uone kama miraba hiyo inarudi. Isiporudi, paache peupe kwenye ramani yako.