Muuguzi wa Windsor anayetaka kazi Detroit: je, mume mwenye ukaazi wa kudumu naye ataweza?

Mama Wawili: Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, muuguzi aliyesajiliwa Ontario, na niliapishwa kuwa raia wa Kanada mwaka jana. Hospitali moja ya Detroit, Marekani, imeniahidi kazi, nami nakusudia kubaki Windsor, upande wa Kanada, na kuvuka mto kwenda zamu, kama wafanyavyo wauguzi wengi hapa. Je, ni kweli kwamba sihitaji kuomba viza ubalozini? Na mume wangu, ambaye ni mhasibu mwenye ukaazi wa kudumu wa Kanada na pasipoti ya Kenya, anaweza kufuata njia hiyo hiyo?

Mvuka Daraja: Dada, kwa upande wako ni kweli. Hadhi ya TN, yaani ruhusa ya kufanya kazi za kitaalamu Marekani kwa muda, iliyoanza na mkataba wa biashara wa NAFTA wa Marekani, Kanada na Meksiko mwaka 1994 na kuendelea katika mkataba mpya wa mwaka 2020, raia wa Kanada huiomba palepale mpakani, na afisa akiridhika humpa hadi miaka 3, ambayo huweza kuongezwa tena na tena. Beba pasipoti, shahada, leseni, na barua ya mwajiri inayoeleza kazi, muda na mshahara. Barua hiyo isiandikwe kijuujuu, maana afisa huamua kwa anachokisoma. Muuguzi huongezewa sharti la cheti cha VisaScreen, kinachothibitisha mafunzo na leseni ya mhudumu wa afya aliyesomea nje ya Marekani, ambacho wengi hukisahau hadi wanaporudishwa darajani. Kianze mapema, pamoja na leseni ya Michigan, jimbo lenye Detroit, kwani ile ya Ontario haikuruhusu kuhudumia wagonjwa upande wa pili. Kama ulifanya NCLEX, mtihani wa kupata leseni ya uuguzi, ambao Kanada inautumia tangu 2015, hutaurudia.

Shemeji, hata hivyo, hawezi. Uhasibu umo katika orodha ya kazi za TN, lakini mlango huo ni wa raia, si wa mkaazi. Ahesabu siku zake: akitimiza siku 1,095 ndani ya Kanada katika miaka 5, anaweza kuomba uraia, ndipo naye atafute mwajiri.

Mzee wa Hesabu: Niongeze kwamba mwenzi wa mwenye TN anaweza kupewa hadhi ya TD, ila haimruhusu kufanya kazi, na kwa familia itakayobaki Windsor sioni faida yake. Jambo litakalokugusa zaidi ni kodi: Detroit humtoza hata asiyeishi mjini humo asilimia 1.2 ya kipato anachokipata humo, juu ya kodi ya serikali kuu na ya jimbo, kisha Kanada nayo hudai tamko la kipato chako chote, ingawa hukupunguzia kwa kile ulichokwisha kulipa Marekani. Usikubali mshahara kabla ya kupiga hesabu hizo.

Mama Wawili: Ahsanteni sana. Na iwapo baadaye nitataka grini kadi, yaani ukaazi wa kudumu wa Marekani?

Mvuka Daraja: Hapo uwe mwangalifu, kwa sababu TN humtaka mtu awe na nia ya kukaa kwa muda tu, na ombi la ukaazi likishawasilishwa, kuvuka kwa TN kunaweza kuzua maswali. Nafuu yako ni kwamba mwajiri wa muuguzi hatakiwi kwanza kuthibitisha kuwa amewakosa Wamarekani. Foleni yenyewe ya grini kadi, lakini, hupangwa kwa nchi ya kuzaliwa, hivyo huko utahesabiwa Mkenya.