G6PD (kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu): jeni inasema ana upungufu, kipimo cha damu kinasema mzima

mwanasayansi_Tanga: Wakuu, naombeni ufafanuzi. Mgonjwa wa kiume ana jeni ya A- (aina ya upungufu wa G6PD iliyoenea Afrika, yenye mabadiliko ya G202A na A376G), kameza dapsoni (dawa ya ukoma), seli nyekundu zimepasuka, mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Lakini kimeng'enya kilipopimwa, majibu ni ya kawaida. Inakuwaje? Na kwenye utafiti wetu, wanawake wenye nakala moja ya jeni yenye kasoro waingie kundi gani?

Maabara1: Mkuu, damu ilichukuliwa lini? Seli nyekundu haina kiini, haiwezi kutengeneza G6PD mpya, hivyo kimeng'enya hupungua kadiri seli inavyozeeka. Dapsoni huanza na zile kongwe. Zinazobaki ni changa, na kwa A- changa bado zina akiba ya kutosha. Hapo mmepima walionusurika tu! Rudieni baada ya miezi mitatu, maana seli hizi huishi siku 120 hivi. Aliyeongezewa damu naye asubiri, la sivyo mtapima damu ya mchangiaji. Kwa watu wenye asili ya Oman tafuteni pia C563T (badiliko jingine la jeni hiyo, aina ya Mediterania). Kutokuwa na A- hakumaanishi ni mzima.

Bi_Takwimu: Jeni iko kwenye kromosomu X, na kila seli huzima X moja kwa bahati nasibu. Mwanamke mwenye nakala moja anaweza kuwa na 20% au 80% ya nguvu ya kawaida ya kimeng'enya, kwa hiyo msiwatie kapu moja. Kipimo cha doa linalong'aa (cha haraka, kinachosema ndiyo au hapana tu) hukamata walio chini ya 30% hivi. Wa 30 hadi 70 wanapita kama wazima. Tumieni spektrofotomita (mashine inayotoa namba kamili), yuniti kwa gramu ya himoglobini. 100% yenu iwe mediani (thamani ya katikati) ya wanaume wa maabara hiyohiyo, mkishawatoa walio chini ya 10%.

mfamasia_bara: Na dawa isiandikwe "alimeza/hakumeza", tafadhali. Andikeni miligramu kwa kilo na siku ngapi. Primakwini (dawa ya malaria) dozi moja ya miligramu 0.25 kwa kilo (mtu wa kilo 60 ni miligramu 15) pamoja na dawa mseto, WHO inaruhusu bila kupima G6PD. Ya siku 14 ni habari nyingine kabisa. Dawa ya malaria ya kloproguanili na dapsoni ilikuwa na dapsoni miligramu 2.5 kwa kilo kila siku kwa siku tatu, ikaondolewa mwaka 2008 kwa sababu ya watoto wenye upungufu huu. Himoglobini ipimwe siku ya 0, 3, 7 na 14. Mkipima ya 0 na 28 tu, mporomoko wote umeshapita. Kwa vichanga wenye manjano, ulizeni kama nguo zilihifadhiwa na naftalini (vidonge vya kufukuza nondo).

mwanasayansi_Tanga: Shukrani sana. Sampuli zikichelewa njiani?

Maabara1: Chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, isiwe barafu. Joto linaua kimeng'enya, na mzima ataonekana ana upungufu.