Espresso inatoka upesi na ina uchachu: ni mwinuko wa Nakuru?

Section58: Wadau, hamjambo. Mashine ni ya pampu, bar 15, kikapu (kichujio cha kutilia kahawa) cha milimita 51. Natia gramu 16 za kahawa ya paketi iliyosagwa tayari. Kikombe kinajaa kwa sekunde 10, povu la juu linapotea papo hapo, na ladha ni chachu kama ndimu. Fundi anasema Nakuru iko juu mno, maji hayapati joto la kutosha. Ni kweli?

BuniBahati: Si mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850, kwa hiyo sufuria huchemka karibu nyuzi 94. Kisumu, mita 1,130 hivi, ni karibu 96. Lakini ndani ya mashine maji yamebanwa na pampu, yanafika 93 bila kuchemka. Mwinuko unamhusu anayemwagia kahawa kwa birika: yeye asiyaache maji yapoe hata kidogo.

Shida yako ni usagaji. Kahawa ya paketi ni ya chengachenga, maji yanapenya kama kwenye kokoto. Uchachu ndio hutoka kwanza, utamu hufuata, uchungu mwisho. Kwa sekunde 10 umepata ule wa kwanza tu. Saga iwe laini kidogo kuliko chumvi ya mezani. Ukiingiza gramu 16, kikombe kiwe na gramu 32 kwa sekunde 25 hadi 30 tangu ubonyeze pampu. Pima kwa mzani, kwa sababu povu hudanganya macho. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, tafadhali, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Dunga_KSM: Kielekeze kikapu kwenye taa. Ukiona tundu moja tu dogo chini, ni cha kuta mbili: povu linatengenezwa na tundu hilo, si na kahawa. Kikiwa na matundu mengi, lazima uwe na kinu cha meno. Blenda ya kisu haifai. Inatoa vumbi na mapande kwa pamoja, vumbi linaleta uchungu, mapande uchachu, vyote kwenye kikombe kimoja.

Kabla ya kushindilia, vunja madonge kwa sindano, kisha shindilia mara moja, mkono wima. Kahawa ikiinama upande, maji hutafuta njia ya mkato. Baadaye tazama lile tope lililobaki: kijitundu juu yake ndipo yalipopita.

BuniBahati: Nyongeza: daraja la AA linaloandikwa kwenye paketi ni ukubwa wa punje tu. AB, ya punje ndogo kidogo, iliyokaangwa wiki mbili zilizopita inaishinda AA iliyokaa dukani miezi minane. Soma tarehe ya kukaangwa. Buni zetu, hasa aina ya mbuni iitwayo SL28, zina uchachu wa asili, kwa hiyo kwa espresso omba zikaangwe wastani, zisiwe nyepesi.

Section58: Tundu ni moja. Ninunue kikapu kingine?

Dunga_KSM: Kinu kwanza. Bila kinu, kikapu cha matundu mengi kitamwaga maji kwa sekunde 5. Kwa sasa washa mashine dakika 15 kabla, kishikio cha kikapu kikiwa kimefungwa mahali pake, upitishe maji matupu mara moja, ukikaushe kikapu, ndipo utie kahawa. Chuma baridi hunyonya joto, na hapo uchachu huzidi.